Ngoma Iliyokataa Kunyamaza

Mama mpiga kinanda, umewahi kuvijaribu vile vitufe vinne viitwavyo Multi Pad? Vinanda vingi vya Yamaha PSR vinavyo. Kila kitufe hutunza kipande kifupi cha muziki: ngoma, gitaa au kengele. Vipande vingine hulia mara moja vikanyamaza. Vingine hurudia mpaka ubonyeze STOP.

Hapo ndipo nilipoaibika. Pambio liliisha, mchungaji akaanza kumwombea mjane, na ngoma yangu ikaendelea kudunda! STOP siioni. Mume wangu alicheka nyumbani, mimi nililia.

Siku hizi nafanya mazoezi Jumamosi, watoto wakilala. Ubeti wa kwanza sigusi kitufe, waimbaji wasikike. Wa pili naingiza kayamba niliyoirekodi mwenyewe, maana za kiwandani hazifanani na zetu. Gitaa ni zuri zaidi: likiwekwa kufuata mkono wa kushoto, hubadilika pamoja na wimbo, halipigi kelele peke yake. Kengele ni moja tu, kiitikio cha mwisho. (Vijana wa kwaya wanataka zote nne kwa pamoja. Nakataa.)

Mchungaji akisimama, kidole changu kiko juu ya STOP.