Mwenye ghuba usiku ni mvuvi wa omena

Ghuba ya Berkeley, katika Ziwa Victoria, inafaa kweli kwa safari ya boti ya kulala majini. Port Victoria na Sio Port ziko upande wa Kenya, Majanji upande wa Uganda, na kisiwa cha Sumba kiko katikati ya njia. Mkazi wa Busia au Tororo asingelazimika kwenda Entebbe wala Mwanza kutafuta starehe hiyo. Kinachonikera ni kwamba tukiiwaza safari hiyo, tunaiona ghuba ikiwa tupu usiku, ilhali usiku ndipo inapojaa watu kazini.

Watu hao ni wavuvi wa omena, samaki ambao Waganda huwaita mukene. Mchana samaki hawa hukaa chini. Giza likiingia hupanda juu, nao huvutwa na mwanga. Ndiyo maana mvuvi huhesabu siku kwa mwezi: mbalamwezi ikiwaka, taa yake haina mvuto, hivyo hutoka siku za giza. Kila taa hukaa juu ya kielea cha mbao kilichotiwa nanga, na vielea hupangwa mbalimbali kwa mstari. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni za betri na sola. Zikishawashwa, kazi ni kusubiri. Wadudu huizonga taa na omena hukusanyika chini yake. Kisha mtumbwi huizunguka taa polepole, wavu wa matundu madogo hushushwa na kuvutwa, halafu zamu ya taa inayofuata, hadi karibu na alfajiri. Ukiwa ufukweni, ungedhani kuna mji umejengwa juu ya maji.

Mandhari ya kulipia ni hayo, na boti ya starehe yenye taa kali na muziki ingeyaharibu. Mwanga wake ungeshindana na ule wa kielea, na rafadha yake ingekata wavu ambao mwenyewe bado anaulipia deni. Kwa hiyo hoja ya mvuvi ndiyo itangulie: boti iwe ndogo, taa zake hafifu, ratiba ifuate mwezi, na nahodha atoke miongoni mwa wanaojua mitego imelala wapi.

Wako watakaosema boti ndogo ni kaburi. Wana sababu: Novemba 2018 boti ya starehe MV Templar ilizama pwani ya Mukono na kuua zaidi ya watu 30. Lakini somo la mkasa ule ni ukaguzi, idadi ya abiria na majaketi ya kuokolea maisha. Ukubwa hauzuii dhoruba. MV Bukoba, iliyozama 1996 na mamia ya watu, ilikuwa meli. Usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani na mawingu ya radi hujikusanya juu ya maji. Anayeishi kwa kuusoma upepo huo ni mtu wa kusikilizwa kabla nanga haijang'olewa.

Pingamizi la mpaka ni zito zaidi. Mstari uliowekwa na Waingereza mwaka 1926 unatoka kisiwa cha Mageta hadi kile cha Sumba, unafuata ufuo wa magharibi wa Sumba, kisha unaelekea mdomo wa mto Sio. Usiku mstari huo hauonekani, na wavuvi wa Kenya wamekamatwa mara nyingi na askari wa Uganda kwa madai ya kuuvuka. Mjini Busia, tangu 2018, msafiri hukaguliwa katika kituo kimoja cha pamoja. Kama nchi kavu imewezekana, mvuvi ana haki ya kudai utaratibu kama huo majini, tena aupate kabla ya mtalii.

Hata hivyo, hoja yangu haimalizi kila kitu. Miezi ambayo Kenya hufunga uvuvi wa omena, taa zikizimwa, mgeni atatazama nini, na nahodha atakula nini? Na mtumbwi ukipinduka kati ya Sumba na Majanji usiku wa manane, ni nchi ipi itakayotuma boti ya uokoaji?