LIEMBA: MELI ILIYOIBULIWA KUTOKA CHINI YA ZIWA

Wahenga walisema akiba haiozi. Ukweli wa methali hiyo umethibitishwa na Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika ambayo ilizamishwa kwa makusudi, ikalala chini ya maji kwa miaka, na hatimaye ikaibuliwa kuwahudumia wananchi.

Meli hiyo iliundwa mwaka 1913 na kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, na kupewa jina la Graf von Götzen, aliyepata kuwa gavana wa koloni. Kwa kuwa meli haiwezi kutoka baharini ikafika ziwani, ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa reli. Huko mafundi watatu wa kiwanda hicho, pamoja na vibarua wengi ambao ni nadra kutajwa, waliiunganisha upya. Iliteremshwa majini Februari 5, 1915.

Wakati huo Vita Kuu ya Kwanza ilikwisha kupamba moto, na meli ikafungwa mzinga uliotolewa katika manowari Königsberg. Julai 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipoikaribia Kigoma, Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe ili isiangukie mikononi mwa adui. Mafundi walitii amri, lakini kwanza waliipaka mitambo grisi nzito, wakitumaini kwamba siku moja ingeibuliwa. Julai 26 ilizama karibu na mlango wa Mto Malagarasi.

Baada ya vita Wabelgiji waliiinua na kuivuta hadi Kigoma, lakini dhoruba ikaizamisha tena. Machi 1924 Waingereza walifanikiwa kuiibua. Ilipokaguliwa, ilionekana kuwa grisi ilikuwa imefanya kazi yake: injini na boila zilikuwa zingali zinafaa. Baada ya matengenezo, Mei 1927 ilianza safari kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa hilo upande wa kusini.

Tangu hapo, kwa miongo mingi, Liemba ilipita kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia. Katika vijiji visivyo na gati, mashua zilikuja kuilaki zikiwa na abiria, dagaa na mazao. Miaka ya 1970 injini za dizeli zilichukua nafasi ya mvuke. Mwaka 1997 iliwarudisha kwao wakimbizi wa Kongo, na Mei 2015 iliwachukua Warundi waliokwama Kagunga na kuwafikisha Kigoma.

Ndugu msomaji, mkoloni aliileta meli hiyo alitawale ziwa, lakini walioifaidi kwa miaka mingi zaidi ni wakulima, wavuvi na wakimbizi. Mfanyakazi anayeisafisha na kuipaka mafuta mashine yake jioni, bila ya kujua ni nani atakayeitumia kesho, anafanya kazi ile ile iliyofanywa na mafundi wale wa Kigoma.