Usiku wa Mikate Bila Ngano

Julai iliyopita mtoto wa dada yangu alishuka Tanga na masanduku mawili. Moja la nguo. La pili mama alilifungua akidhani ni zawadi, akakuta limejaa pakiti za biskuti, tambi na mikate mikavu kama mbao, zote zimeandikwa kwamba hazina gluteni. Akaichukua moja, akavaa miwani, akasoma nyuma. "Unga wa mchele. Wanga wa muhogo. Mtama." Akaiweka chini. "Mjukuu wangu, umetoka na muhogo Uingereza kuja nao Tanga?"

Binti ana ugonjwa wa seliaki. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, ndiyo inayoufanya unga wa chapati uvutike bila kukatika. Mwenye seliaki akiila, kinga ya mwili wake inaugeukia utumbo mwembamba na kuviharibu vile vinyweleo vinavyofyonza chakula. Mtu anakula na bado anakonda, anaishiwa damu, tumbo linamjaa. Inakadiriwa kwamba duniani mtu mmoja katika kila mia anao, na wengi hawajijui. Dawa ni moja tu, kuacha gluteni maisha yote. (Anayejishuku asikimbilie kuacha ngano kabla ya kupimwa, maana akishaiacha vipimo vinaweza kuonyesha kwamba hana kitu.)

Mchana hatukuhangaika. Wali wa nazi na samaki wa kupaka, ugali na dagaa, ndizi za nazi, makande: hakuna aliyepika chakula chake na cha mgeni mbalimbali. Kazi ilianza jua lilipozama. Sisi wa pwani mchana tumeupa wali, usiku tumeupa mikate. Chapati na maharage, boflo na mchuzi, sambusa zilizobaki, chai. Siku ya kwanza nilisimama jikoni saa moja ya usiku, unga wa ngano mkononi kwa mazoea, nisijue nipike nini. Nikaona aibu kidogo. Nyumba ile ile bibi yangu aliishi miaka mingi, na ngano alikuwa akiinunua sikukuu kwa sikukuu.

"Songa bada," mama akasema.

Asiye wa Tanga huenda akauliza. Bada ni ugali wa unga wa makopa, yaani muhogo uliomenywa, ukakaushwa juani na kusagwa. Rangi yake imefifia kuelekea kahawia, unanata, na mkono usiouzoea unaweza kuumia kwa kuusonga. Kitoweo chake ni ng'onda (samaki mkavu) wa nazi, au mlenda, au kisamvu kilichotwangwa kikaiva hadi nazi ikatoa mafuta. Dada wa Lubumbashi niliyesoma naye chuo angecheka kuona ninaeleza hivi kama siri: kwao bukari ya muhogo na sombe, yaani ugali na kisamvu, ni chakula cha kila siku. Ila muhogo mchungu una sumu, na bila kuroweka na kukausha vizuri haifai hata kuonja. Makopa nunua kwa mtu unayemjua.

Bada peke yake, kama wali mweupe peke yake, inashibisha bila kujenga. Mwenye seliaki ambaye utumbo wake ndio kwanza unapona anahitaji madini ya chuma na protini, kwa hiyo pembeni hapakosi mbaazi, choroko au dagaa. Mama hakusomea lishe, lakini sijapata kumwona akiandaa bada bila kitu cha jamii ya kunde.

Usiku wa pili tulipika chila, na hizi ndizo zilizomfanya binti aache kulifungua lile sanduku. Mchele vikombe viwili uroweke tangu asubuhi. Uchuje, usage kwenye blenda na tui zito kikombe kimoja na nusu, uusage kweli, mpaka ukiusugua kati ya vidole usisikie chenga. Tia hamira kijiko cha chai, chumvi kidogo, sukari kidogo, na yai ukipenda. Funika uumuke. Kikaango kikipata moto paka mafuta, mimina upawa mmoja, funika tena. Sisi hatuzigeuzi. Zikishatoboka vitundu juu na kukauka, zimeiva. Mchuzi wa kuku unaingia katika vile vitundu, na hapo ndipo chila inapoishinda chapati, maana chapati inauchota mchuzi tu, chila inaunywa. Ukiongeza sukari na iliki na kuuoka uji huo huo kwenye sufuria, moto chini na juu, una mkate wa kumimina.

Zipo nyingine. Mofa, ambayo kwa asili ni mkate wa mtama, siku hizi huchanganywa ngano, kwa hiyo uliza. Badia za kunde. Viazi vitamu vya nazi na samaki wa kukaanga. Na meza ya futari tunayoijua sote, ambayo ukiondoa tambi, kaimati na sambusa imebaki karibu nzima: magimbi, mihogo, ndizi mbivu.

Ngano inayoonekana si kazi kuikwepa. Inayochosha ni ile iliyojificha. Urojo wa Unguja uzito wake ni unga wa ngano, ingawa unga wa dengu unaweza kushika nafasi yake. Bokoboko ni ngano yenyewe. Soya sosi hutengenezwa kwa soya na ngano. Kebabu huwa na mkate ndani. Unga wa lishe, ule tunaowapikia watoto na wagonjwa tukiamini ni salama kuliko yote, mara nyingi umetiwa ngano, na muuzaji atakutajia kila nafaka asiitaje hiyo.

Kisha kuna vyombo. Viwango vya kimataifa vya chakula vinataka kinachoitwa hakina gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni katika kilo nzima. Hiyo ni vumbi. Iko kwenye chekecheke, kwenye ufa wa mwiko, kwenye mafuta yaliyokaangiwa maandazi. Iko kwenye mashine ya kusaga, mahali ambapo aliyekutangulia amesaga ngano na wewe unapokea unga wako kwenye mdomo ule ule. Tulinunua mwiko mpya, kikaango kipya na chekecheke, mama akavifunga utepe mwekundu. Mchele tulisaga wenyewe nyumbani.

Kwamba kisa ni ngano, hilo halikujulikana mpaka juzi juzi. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, alikuwa akiishuku tangu miaka ya 1930. Majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ulipoadimika Uholanzi kwa njaa ya vita, hakika yake ilizidi: watoto wenye ugonjwa huu hawakuzidiwa kwa kukosa mkate, na uliporudi hali zao zikaharibika. Aliandika tasnifu yake mwaka 1950. Nilipomsimulia mama, aliuliza wale watoto walikula nini wakati huo. Nikamwambia viazi, na hata vitunguu vya maua. Akanyamaza, akaendelea kukuna nazi.

Wiki ya pili jirani alileta vitumbua, sahani imefunikwa kawa, vya moto. Vitumbua ni mchele, na binti alikwishanyoosha mkono. Mama akauliza kwanza, kwa sauti ya mzaha: "Ngano hukutia?"

"Kijiko kimoja tu, mama, vishikane."

Mkono ukarudi. Tulivila sisi wengine, tukavisifu, navyo vilistahili. Sahani haikurudi tupu, mama aliijaza samaki. Jirani hakusema kitu, nami nikadhani amechukia.

Ijumaa yake alikuja bila sahani. Alikuja na bakuli la mchele uliorowekwa, akauliza kile kikaango chenye utepe mwekundu kiko wapi.