Bunduki ya Wenzo Mbele ya Nyati

Mwindaji wa Lushoto anayetafuta bunduki ya nyati ajue kwanza kwamba hatawinda nyumbani. Msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia, na Mkomazi, kule bondeni, ni Hifadhi ya Taifa tangu 2008. Leseni itampeleka kwenye kitalu cha mbali, na huko nyati hutoka kichakani akiwa hatua chache tu.

Hapo ndipo bunduki ya wenzo inapovutia. Ukiusukuma chini wenzo unaozunguka kifyatulio, ganda tupu linaruka nje. Ukiurudisha, risasi mpya inaingia chemba. Bunduki haishuki begani. Kwa mtu mwenye mazoezi, risasi ya pili hufuata upesi sana.

Sifa hiyo si ya vitabuni tu. Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alipofika Mombasa Aprili 1909 alikuwa na Winchester ya 1895, iliyobuniwa na John Browning, ya risasi ya .405. Kwa simba aliisifu mno. Lakini kwa tembo alitegemea zaidi Holland & Holland ya mitutu miwili, na sababu yake, yaani uwezo wa risasi kupenya, ndiyo inayopaswa kumwongoza mnunuzi wa leo.

Kanuni zetu zinataka kipenyo kisichopungua .375, yaani milimita 9.5, kwa nyati na tembo. Wengi huishia kwenye namba hiyo. Risasi ya .405 ina kipenyo cha milimita 10.4, kwa hiyo inavuka kiwango. Sasa ilinganishe na .375 ya Holland & Holland ya mwaka 1912. Uzito wa kawaida wa zote mbili ni gramu 19 na ushei. Ile nyembamba, kwa uzito uleule, lazima iwe ndefu zaidi. Tena inatoka mtutuni kwa takriban mita 770 kwa sekunde, ile ya .405 kwa 670. Risasi ndefu yenye kasi hupita kwenye mfupa wa bega na kuufikia moyo. Ile fupi na nene huchoka njiani, kama msumari mnene unaopigwa kwenye mninga. Simba ana mwili laini, haumizi kichwa hapo. Nyati mnene wa bega ni habari nyingine.

Bunduki nyingi za wenzo zina kasoro moja zaidi: risasi hupangwa kwenye bomba chini ya mtutu, ncha ya moja ikigusa kitako cha nyingine. Ncha kali inaweza kuilipua ya mbele, hivyo bapa ndiyo salama. Winchester ya 1895 iliepuka hilo kwa kuwa na sanduku la risasi.

Wenzo wa .30-30 unatosha kwa nguruwe mwitu na swala wa wastani, kwa karibu na kwa leseni. Kwa nyati, nunua .375 ya bolti, ukapime shabaha yako na risasi zile zile utakazokwenda nazo kitaluni.