Pterois: Mzoeshe kamba wa barafu kabla ya kumuuza

Pwani ya Kenya huuza nje samaki wa mapambo kwa ndege, na Pterois, mwenye mapezi marefu na miiba ya sumu, huvutia macho dukani. Gharama yake imo tumboni: baharini huwinda samaki na kamba walio hai, na akiwa kwenye tangi hukitazama tu chakula kilichokufa.

Mwenye duka amwache mwenye afya bila chakula siku 2 au 3. Kisha achomeke kamba aliyeyeyushwa barafu kwenye kijiti kirefu, amtikise mbele yake. Akikataa, kamba aondolewe maji yasichafuke, ajaribiwe kesho. Aliyekonda asishindishwe njaa. Mteja asiuziwe Pterois kabla hajamwona akila.