Hadubini isiyoua kinachotazamwa

Mwanafunzi aingiapo katika maabara ya biolojia aghalabu hupewa kipande chembamba cha kiumbe, kilichokaushwa na kutiwa rangi, akitazame kwa hadubini. Anachokiona ni maiti. Kwa miaka mingi sayansi imeuchunguza uhai kwa kuukatiza kwanza.

Hata pale kiumbe kilipoachwa hai, nuru yenyewe ilikuwa adui. Hadubini nyingi humulika kiumbe kizima, ilhali mtazamaji husoma tabaka moja tu. Matabaka mengine huunguzwa bure, na muda si muda seli hudhoofika.

Dawa yake ni sahili ajabu. Nuru huingizwa kutoka ubavuni, ikiwa imebanwa ikawa nyembamba mithili ya bapa la kisu. Tabaka linalotazamwa ndilo pekee linalomulikwa, na kamera iliyowekwa kwa pembe mraba hupiga picha yake. Kisha kiumbe husogezwa kidogo, tabaka jingine likapigwa picha, hadi umbo zima likapatikana.

Wazo lenyewe ni kongwe. Siedentopf na Zsigmondy walilitumia huko Ujerumani mwaka wa 1903 kuona chembe za dhahabu ndani ya kioo. Mwaka wa 2004, Jan Huisken, Ernst Stelzer na wenzao mjini Heidelberg walilielekeza kwa viinitete hai. Mwaka wa 2008, kundi la Stelzer lilifuatilia seli za kiinitete cha samaki mdogo mwenye milia kwa saa 24. Mwaka wa 2018, watafiti nchini Marekani walifuatilia kiinitete cha panya kwa saa 48, viungo vikianza kuumbika. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa; sasa twautazama uundaji wenyewe.

Je, chombo hiki tukiite nani kwa Kiswahili? Neno 'utando' lajitokeza haraka, lakini biolojia imekwisha kulitumia kwa ngozi ya seli, nalo litawatatiza wanafunzi. Napendekeza 'hadubini ya bapa la nuru'. Bapa ni ubavu mpana wa kisu, nao wanahisabati hulitumia kwa uso tambarare; maana zote mbili zafaa.

Walimu, lijaribuni darasani. Wanafunzi wakilielewa upesi, limefaulu. Likiwakwaza, tutafute jingine. Istilahi nayo ni kiumbe hai: haijulikani afya yake kwa kukaushwa kamusini.