Kikosi na Mkataba katika Ligi ya Nasaba ya Besiboli

Ligi ya nasaba ni mchezo wa fantasi ambao timu haivunjwi msimu unapoisha. Wachezaji aliowapata mmiliki mwaka huu anabaki nao mwakani na miaka inayofuata, mpaka mkataba ukome, awabadilishe na mwenzake au awaache. Timu zenyewe ni za kwenye hesabu tu, ila wachezaji ni wa kweli. Wengi wao wako katika klabu 30 za Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, na takwimu zao katika msimu wa mechi 162 ndizo zinazoipa timu pointi. Aliyezoea Fantasy Premier League ataona tofauti mbili kubwa. Huko nyota mmoja huwa katika timu za mamilioni ya watu kwa wakati mmoja, na kila kitu huanza upya msimu mpya unapoingia. Katika ligi ya nasaba mchezaji ana mmiliki mmoja tu, na uamuzi wa leo huweza kumnufaisha au kumgharimu mmiliki huyo miaka mitano baadaye.

Hapo ndipo haja ya kanuni inapotokea. Mtu akimpata kijana mwenye kipaji cha nadra akiwa na miaka 20, kisha akaruhusiwa kumshikilia bila gharama hadi astaafu, ligi huwa imeamuliwa siku ya kwanza. Kinyume chake, wachezaji wakirudishwa wote sokoni kila mwaka, subira na ujuzi wa kutambua vipaji havina thamani. Kanuni za kikosi na mkataba zipo ili muda uwe na bei: mwenye kuona mbali apate faida yake, lakini faida hiyo iwe na mwisho.

Besiboli yenyewe ilipitia swali hilohilo. Kwa miongo mingi klabu za Marekani zilimfunga mchezaji kwa kifungu kilichoipa klabu haki ya kurefusha mkataba wake mwaka baada ya mwaka. Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz aliamua kwamba Andy Messersmith na Dave McNally walikuwa huru baada ya msimu mmoja kupita bila wao kusaini. Makubaliano ya 1976 yalileta utaratibu ambao msingi wake unadumu hadi leo: mchezaji huwa huru baada ya miaka 6 ya utumishi.

Chimbuko

Fantasi ya besiboli kwa sura inayojulikana leo ilianza mwaka 1980, pale mwandishi na mhariri Daniel Okrent na wenzake walipounda ligi mjini New York na kuipa jina la mgahawa walimokuwa wakikutana, La Rôtisserie Française. Hesabu iliyokuja kuzoeleka ni kila mmoja kupewa dola 260 za mnada kununua wachezaji 23: wapigaji 14 na warushaji 9. Ligi nyingi bado zinatumia hesabu hiyo.

Wazo la mkataba lilikuwemo tangu mapema. Mchezaji aliyenunuliwa mnadani aliweza kubakizwa kwa bei ileile msimu wa pili. Kabla ya msimu wa tatu mmiliki alichagua moja kati ya mambo matatu: kumwacha, kumchezesha msimu mmoja wa mwisho kwa bei ileile, au kumsainisha mkataba mrefu. Kwa mkataba mrefu, kila mwaka uliozidi msimu huo wa tatu uliongeza dola 5 kwenye mshahara wa kila msimu wa mkataba. Mchezaji wa dola 10 aliyeongezwa miaka miwili aligharimu dola 20 kwa misimu yote mitatu. Kanuni za kisasa, hata zilizo ngumu zaidi, zimejengwa juu ya msingi huo: anayetaka uhakika wa kesho huanza kuulipia leo.

Kikosi

Kikosi cha ligi ya nasaba huwa na sehemu nne: wanaocheza, benchi, majeruhi na chipukizi. Mfano mzuri ni ligi ya timu 12 yenye wachezaji 23 wanaocheza, 7 wa benchi, nafasi 4 za majeruhi na 15 za chipukizi. Ukiacha majeruhi na chipukizi, timu hizo zinashikilia wachezaji 360. Klabu 30 za Ligi Kuu, kila moja ikiwa na kikosi cha watu 26, zina wachezaji 780. Hivyo zaidi ya nusu wako huru, na anayepata pengo katikati ya msimu ana pa kulizibia. Ligi ya timu 20 zenye wachezaji 40 kila moja ingehitaji watu 800, kuliko waliopo katika vikosi vyote vya Ligi Kuu. Huko soko la wachezaji huru hukauka, na chipukizi huwa ndio tegemeo. Ukubwa wa kikosi kwa hiyo huamuliwa kabla ya kanuni nyingine yoyote.

Baada ya idadi huja nafasi za uwanjani. Ligi nyingi humruhusu mchezaji kutumika katika nafasi aliyoichezea angalau mechi 20 msimu uliopita, au idadi ndogo zaidi msimu unaoendelea. Kanuni hii humpa thamani mchezaji anayeweza kuhama. Mookie Betts wa Los Angeles Dodgers, kwa mfano, mwaka 2024 alicheza kati ya beisi ya pili na ya tatu, kwenye beisi ya pili yenyewe, na katika uwanja wa nje upande wa kulia. Wadakaji, wanaopokea mipira ya mrushaji, nao huwa adimu, kwa sababu kazi yao huchosha na klabu huwapumzisha mara kwa mara. Ligi ya timu 12 inayodai wadakaji wawili kwa kila timu inahitaji 24 kutoka klabu 30, na bei yao hupanda papo hapo.

Shohei Ohtani ameifanya kanuni moja kuwa ya lazima. Yeye ni mpigaji na mrushaji kwa pamoja, basi ligi lazima iandike mapema kama anahesabiwa kuwa mchezaji mmoja au wawili, kama ana mshahara mmoja au miwili, na kama anaweza kutumika katika kazi zote mbili siku moja. Ligi inayosubiri mgogoro ndipo iamue itakuwa inaamua juu ya mali ambayo tayari ina mwenyewe.

Nafasi za majeruhi hufuata orodha rasmi ya Ligi Kuu, ambako mpigaji huwekwa kwa angalau siku 10 na mrushaji siku 15, na ipo orodha ya siku 60 kwa majeraha mazito. Kanuni inayofaa ina vipande viwili: anayewekwa hapo awe kwenye orodha rasmi, na akitangazwa kuwa amepona, mmiliki asiruhusiwe kusajili mtu mwingine mpaka ampatie nafasi kikosini. Aliyefungiwa ni suala tofauti. Fernando Tatis Jr. alifungiwa mechi 80 Agosti 2022 kwa kutumia dawa iliyopigwa marufuku. Ligi nyingi humtaka mmiliki wa mchezaji wa namna hiyo amhesabu ndani ya kikosi cha kawaida, kwa kuwa adhabu si jeraha.

Chipukizi

Nafasi za chipukizi ndizo roho ya ligi ya nasaba. Hapa huwekwa vijana wa ligi za chini, ambao wengi hawatafika juu kabisa. Hata Afrika Mashariki imo: Waganda Ben Serunkuma na Umar Male walisaini na Los Angeles Dodgers mwaka 2022, na vijana wa aina yao huweza kushikiliwa katika ligi zenye nafasi nyingi.

Swali kuu ni lini chipukizi anaacha kuwa chipukizi. Kipimo kinachotumika sana kinatokana na kile cha Ligi Kuu cha kumtambua mchezaji mgeni: kuvuka mara 130 za kupiga, au iningi 50 za kurusha. Sababu ya kutegemea takwimu badala ya hiari ya mmiliki inaonekana katika kisa cha Kris Bryant. Mwaka 2015 Chicago Cubs walimwacha ligi ya chini hadi tarehe 17 Aprili. Mwaka kamili wa utumishi ni siku 172, naye akaishia na siku 171, hivyo klabu ikapata haki ya kubaki naye msimu mmoja zaidi. Alilalamika rasmi, na mwaka 2020 akashindwa. Ligi ya nasaba inayomwachia mmiliki uhuru wa kumpandisha kijana anapotaka hufungua mlango huohuo. Dawa yake ni saa ya mkataba kuanza kwenda yenyewe mara kipimo kinapovukwa.

Mshahara na muda

Kila timu huwa na ukomo wa mishahara unaofanana na wa wenzake. Ndani ya ukomo huo mchezaji huingia kwa njia tatu: mnada wa kabla ya msimu, zabuni ya siri wakati wa msimu, au kupandishwa kutoka chipukizi. Kila njia huhitaji mkataba wake.

Kwa aliyenunuliwa mnadani, mshindi hutaja idadi ya miaka. Ili wasisainishwe wote mikataba mirefu, ligi huweka ukomo wa pili, wa miaka. Timu ya wachezaji 30 ikipewa jumla ya miaka 60, wastani ni miaka miwili kwa kila mchezaji, na anayempa nyota wake miaka mitano atalazimika kuwapa baadhi ya wenzake mwaka mmoja mmoja. Ukomo huu una nguvu kuliko unavyoonekana, maana unamlazimisha mmiliki kusema ni nani hasa anayemwamini.

Mshahara hupandishwa kila mwaka kwa dola kadhaa au kwa asilimia. Asilimia inahitaji kanuni ya kukamilisha sehemu ya dola. Kwa asilimia 10 inayokamilishwa kwenda juu, mchezaji wa dola 20 hufika 22, kisha 25, kisha 28. Mchezaji wa dola 1 huwa wa dola 2, yaani mara mbili kwa mwaka mmoja. Kama ligi inataka kuwalinda wachezaji wa bei ndogo, nyongeza ya dola moja moja kwao ni bora.

Chipukizi aliyepandishwa hufuata njia inayoiga Ligi Kuu. Huko mchezaji hulipwa karibu na kima cha chini kwa takriban miaka mitatu, dola 760,000 mwaka 2025, kisha hupata haki ya usuluhishi wa mshahara hadi afikishe miaka 6. Katika ligi ya nasaba miaka mitatu ya kwanza huweza kuwa dola 1, kisha asilimia 40, 60 na 80 ya bei ya soko. Kijana mwenye thamani ya dola 30 atagharimu dola 12, 18 na 24, kisha arudi mnadani. Maneno "bei ya soko" lazima yafafanuliwe, kwa mfano wastani wa wachezaji kumi ghali zaidi wa nafasi yake katika mnada uliopita.

Zipo ligi zinazotumia mishahara halisi. Hapo mkataba wa Ohtani wa Desemba 2023, dola milioni 700 kwa miaka 10, ni funzo. Milioni 680 kati ya hizo zimeahirishwa, hivyo anapokea milioni 2 kwa mwaka. Wastani wa kawaida ni milioni 70, na kwa hesabu ya kodi ambayo Ligi Kuu hutoza klabu zinazovuka kiwango cha mishahara ni takriban milioni 46. Ligi isiyotaja inatumia hesabu ipi haina kanuni ya mshahara.

Kuacha na kubadilishana

Mkataba usio na gharama ya kuuvunja si mkataba. Kwa kawaida anayemwacha mchezaji hubaki na sehemu ya mshahara kwenye ukomo wake. Kwa kanuni ya nusu, mchezaji wa dola 24 aliyebakiza misimu mitatu humwachia mmiliki mzigo wa dola 12 kila msimu. Besiboli halisi ina mfano maarufu: New York Mets humlipa Bobby Bonilla takriban dola milioni 1.19 kila tarehe 1 Julai, kuanzia 2011 hadi 2035, ingawa aliacha kucheza zamani. Katika ligi ya nasaba mzigo wa aliyeachwa husamehewa mchezaji akifariki, akistaafu au akifungiwa maisha, kwa sababu hayo hayatokani na uamuzi mbaya wa mmiliki.

Timu zinapobadilishana wachezaji, mkataba humfuata mchezaji na miaka yake yote. Anayemtoa huweza kubeba sehemu ya mshahara, na ukomo wa sehemu hiyo huandikwa, mara nyingi nusu. Zamu za baadaye za kuchagua chipukizi pia hubadilishwa, ila anayeuza zamu ya mwaka ujao hutakiwa kulipa ada ya ligi ya mwaka huo mapema, asije akaiuza kesho ya timu kisha akaondoka.

Zamu hizo hupangwa kuanzia timu dhaifu. Kwa kuwa mpango huu huwashawishi wengine kushindwa makusudi, ligi nyingi huendesha bahati nasibu kwa timu zilizokosa hatua ya mwisho, kama Ligi Kuu yenyewe ilivyoanza kufanya Desemba 2022.

Kubadili kanuni

Mmiliki hufanya maamuzi ya miaka mitano kwa kuamini kanuni zilizopo, hivyo kuzibadili ghafla ni kumnyang'anya alichokilipia. Badiliko dogo huanza msimu unaofuata. Linalogusa mikataba, ukomo au ukubwa wa kikosi huanza baada ya misimu miwili, kwa kura ya theluthi mbili au zaidi, na mikataba iliyokwisha kusainiwa huendelea kwa masharti yake ya awali. Kamishna, yaani msimamizi wa ligi, hutafsiri kilichoandikwa na hapigi kura katika shauri linaloihusu timu yake. Mmiliki akiondoka, timu yake hukabidhiwa mrithi pamoja na madeni na zamu zake zote. Wakiondoka wawili kwa pamoja, wachezaji wa timu hizo huwekwa kapu moja na warithi huchagua kwa zamu, ili kila mmoja aanze na nafasi sawa ya kujenga.